MAGAZIJUTO

MAGAZIJUTO ni kifupisho kinachotumika katika shule za msingi za Tanzania kukumbusha mpangilio wa matendo ya hesabu pale swali moja linapokuwa na matendo kadhaa. Kimeundwa kwa silabi za mwanzo za maneno matano: MAbano, GAwanya, ZIdisha, JUmlisha na TOa. Kanuni hiyo hutumika kwa namba zote: namba nzima, desimali na sehemu.

Ngazi za matendo

Ingawa kifupisho kina maneno matano, ngazi zake ni tatu:
1. Mabano.
2. Kugawanya na kuzidisha.
3. Kujumlisha na kutoa.

Kugawanya na kuzidisha vina hadhi sawa; vivyo hivyo kujumlisha na kutoa. Matendo ya ngazi moja yakifuatana, hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Kosa la kawaida ni kusoma kifupisho neno kwa neno na kudhani kwamba kujumlisha hutangulia kutoa kila mara.

Kwa mfano, tangi la maji la nyumba moja ya Mbezi Beach, Dar es Salaam, limejaa 7/8. Familia inatumia 1/2 ya tangi, kisha maji yanatoka bombani na kuongeza 1/4 ya tangi. Kiasi kilichomo ni:

7/8 − 1/2 + 1/4 = 3/8 + 1/4 = 5/8

Anayejumlisha kwanza hupata 1/2 + 1/4 = 3/4, halafu 7/8 − 3/4 = 1/8. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu maji yaliyoongezwa yamehesabiwa kana kwamba nayo yametumika.

Kanuni za sehemu

Katika sehemu kama 3/4, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Kabla ya kukokotoa swali lenye sehemu, mambo haya huzingatiwa:
* Namba mchanganyiko hubadilishwa kuwa sehemu guni. Mfano: 2 1/2 = 5/2.
* Katika kujumlisha na kutoa, asili zikitofautiana hutafutwa kigawe kidogo cha shirika (KDS).
* Katika kuzidisha, kiasi huzidishwa kwa kiasi na asili kwa asili. KDS haihitajiki.
* Katika kugawanya, sehemu iliyo mara baada ya alama ya ÷ hupinduliwa, kisha alama hiyo hubadilishwa kuwa ×. Sehemu nyingine hazipinduliwi.
* Mstari mrefu wa sehemu hufanya kazi ya mabano: kilichopo juu hukokotolewa peke yake, na kilichopo chini peke yake, ndipo mgawanyo ufanywe.

Mfano

Kokotoa 2 1/2 − (1/2 + 1/4) ÷ 3/8 × 1/2.

Mabano: 1/2 + 1/4 = 2/4 + 1/4 = 3/4
Swali linabaki: 5/2 − 3/4 ÷ 3/8 × 1/2
Kugawanya: 3/4 × 8/3 = 24/12 = 2
Kuzidisha: 2 × 1/2 = 1
Kutoa: 5/2 − 1 = 3/2 = 1 1/2

Mwanafunzi akianza kuzidisha 3/8 × 1/2, atapata 3/16; kisha 3/4 ÷ 3/16 = 4, na mwishowe 5/2 − 4 = −1 1/2. Kila hatua yake imekokotolewa vizuri, ila mpangilio ndio uliomwangusha.

Neno "ya"

Katika lugha ya kila siku, "robo ya nusu" ni 1/4 × 1/2, yaani 1/8 au thumni. Hivyo "ya" humaanisha kuzidisha. MAGAZIJUTO haina silabi ya neno hilo, lakini vitabu vingi vya shule hulifanya mara baada ya mabano, kabla ya kugawanya. Tofauti huonekana katika swali kama 1/2 ÷ 1/4 ya 2/3. Kwa desturi hiyo, 1/4 ya 2/3 ni 1/6, na 1/2 ÷ 1/6 = 3. Alama ya × ingekuwa mahali pa "ya", jibu lingekuwa 2 × 2/3 = 1 1/3. Ili kuepuka utata, ni vema mwandishi wa swali aweke mabano.

Vifupisho vingine

Katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, zikiwemo shule za sekondari za Tanzania, kifupisho kinachofahamika zaidi ni BODMAS. Herufi yake ya pili hufundishwa mara nyingi kuwa ndiyo "ya". Nchini Marekani hutumika PEMDAS, ambamo kuzidisha kumetajwa kabla ya kugawanya. Majibu hayatofautiani, kwa kuwa matendo hayo mawili yako ngazi moja na hufuata mwelekeo wa kushoto kwenda kulia.

Vikokotoo

Vikokotoo vya kisayansi hufuata mpangilio wa matendo. Vingi vya kawaida, kama vile vya dukani, hukokotoa kwa jinsi vitufe vinavyobonyezwa. Kwa 0.5 + 0.5 × 0.5, cha kwanza huonyesha 0.75, ambalo ni jibu sahihi, na cha pili huonyesha 0.5. Mwenye kikokotoo cha aina ya pili hana budi kuanza na kuzidisha, ndipo ajumlishe.