Mkono wa Mwenye Nyumba: Habari za Useremala wa Nyumbani Katika Kisiwa cha Unguja

Yako maneno katika lugha yetu ambayo mtu aweza kuyasoma miaka mingi asiyajue, mpaka siku atakapoyashika kwa mkono. Mimi nimefundisha elimu ya lugha tangu niliporejea kutoka masomoni ng'ambo, na neno mfaa nalijua kwa kulisoma. Ni ule ubao uliosimama katikati ya mlango wa vipande viwili, unaoziba mwanya vipande hivyo vinapokutana. Maana hiyo nimeitoa mara nyingi mbele ya wanafunzi, wala sikuona upungufu wake.

Likizo moja nilikwenda Kiwengwa kuutengeneza mlango wa nyumba ya mama yangu, uliokuwa umeliwa na mchwa. Nilikuwa nimenunua randa, patasi na msumeno, na kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikijifunza useremala saa za jioni, kwa kuipumzisha akili tu. Nikaranda mbao, nikaunga, nikaupigilia mfaa kwa nje, juu ya kile kipande kinachofunguliwa kila siku. Mlango ulipendeza. Lakini kila nilipokisukuma kipande kile ndani, mfaa ulikisukuma na cha pili pamoja nacho. Haikuwezekana kufungua kimoja peke yake. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, katika vipande hivi viwili, kipi chafungwa kwanza?" Sikuwa na jibu. Mfaa sharti ukae juu ya kipande kinachofungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Maana hiyo ndiyo kiini cha neno lenyewe, nami sikupata kuitaja darasani hata siku moja.

Kosa hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika habari hizi. Yafaa tujiulize: kazi ya mbao ilikuwa kazi ya nani katika kisiwa hiki, na imekuwaje mwenye nyumba akatengana nayo?

Tuanze na mji. Katika karne ya 19, biashara ya pembe, karafuu na watumwa ilipoutajirisha mji wa Unguja, matajiri walijenga nyumba kubwa za mawe na chokaa, zenye milango ya nakshi. Richard Burton, aliyefika hapa mwisho wa 1856 na kitabu chake juu ya Unguja kikatoka 1872, aliona kwamba heshima ya mwenye nyumba ilipimwa kwa ukubwa wa mlango wake na wa misumari yake ya chuma. Wengi katika waliochonga milango hiyo, hasa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, walikuwa mafundi wa Kihindi, nao walileta mitindo ya Gujarati. Katika nyumba hizo mwenye mlango alikuwa mwenye kuagiza. Wa kufanya alikuwa fundi, na wa kubeba mawe na boriti mara nyingi alikuwa mtumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kwa sheria 1897, lakini fikira kwamba mwungwana hachafui mikono yake haikuondoka siku ile ile ilipotiwa sahihi sheria.

Hata hivyo, tusidhani ya kuwa tajiri wa mjini aliweza kila kitu kwa fedha zake. Dari yake ilichukuliwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake isiouzidi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kubwa za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba cha bwana ulipimwa na mti wa pwani, sawasawa na chumba cha mvuvi.

Tukitoka mjini kwenda mashamba, na hasa upande wa mashariki, habari inageuka. Kiwengwa iko pwani ya kaskazini mashariki, na ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe. Udongo ni haba na msitu wake umeota juu ya mwamba. Mwenye kujenga hapa hakuwa na mtu wa kumwagiza. Alitafuta mwenyewe nguzo na fito, akazifunga kwa kamba, akajaza mawe, akakandika. Chokaa aliipata kwa kupanga magogo, na juu yake mawe ya matumbawe, kisha kuyachoma mpaka yakawa laini. Kamba ilitoka katika makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukoni kwa miezi, kisha yakafukuliwa na wanawake, wakayapiga mpaka ukatoka usumba, wakasokota. Makuti ya kuezekea nayo yalisukwa nyumbani. Siku ya kukandika au ya kuezeka majirani walialikwa, na mwenye nyumba akawalisha. Zamu yao ilipofika, naye alikwenda.

Katika hali hiyo mpaka baina ya fundi na asiye fundi haukuwa ukuta. Fundi seremala alikuwapo, na kazi za kitaalamu alipewa yeye: mlango wenye miimo na kizingiti, au matendegu ya kitanda yaliyokerezwa kwa kerezo. Lakini kuwamba kitanda kwa kamba, kuchonga mpini wa jembe, kutengeneza mbuzi ya kukunia nazi, kuunga mguu wa kigoda, kurekebisha matengo ya ngalawa, hayo yote yalikuwa ya mwenye nyumba. Mtoto alijifunza kwa kushikilia upande wa pili wa ubao. Ndipo ulipopata maana usemi wa wazee kwamba mwana wa mhunzi asipojua kufua huvukuta.

Lugha nayo yatoa ushahidi. Shoka na nyundo ni maneno ya asili ya Kibantu, ya zamani kuliko miji yetu ya mawe. Msumari ni neno la Kiarabu. Randa na gundi yametufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi. Parafujo ni la Kireno, kama meza yenyewe. Mtu afunguapo kisanduku cha vyombo vya seremala afungua historia ya Bahari ya Hindi. Miti ya mikoko nayo ina daraja zake, tangu fito iliyo nyembamba, kisha pau, mazio, boriti, mpaka nguzo. Mtu asiyejenga huiita yote "miti".

Yako na mambo ambayo lugha imeyabeba kutoka karakana mpaka barazani. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la jani. Leo mwalimu husema anawapiga msasa wanafunzi wake, na wengi wao hawajauona mti huo. Tunasema sheria ni msumeno, na bandu bandu huisha gogo. Tunaonya pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani iko methali nyingine yenye hekima zaidi juu ya utunzaji wa nyumba. Lakini aliyeitunga aliwaza mtu mwenye kuziba ufa kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwaza mtu wa kupiga simu na kungoja.

Sasa tutazame kidogo nje. Huko Uingereza, baada ya vita vya 1939 hata 1945, nyumba zilikuwa chache na ujira wa mafundi ulipanda. Watu wa kazi za ofisini wakaanza kupaka rangi na kutengeneza makabati wenyewe siku za mapumziko. Mwaka 1955 likaanza gazeti liitwalo Practical Householder, na 1962 Barry Bucknell aliwaonyesha watazamaji wa televisheni jinsi ya kutengeneza nyumba kuukuu. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimwona mwenye nyumba wangu, mtu wa hesabu, akiingia katika kibanda chake cha useremala kila Jumamosi kwa furaha ya mtu anayekwenda harusini. Nilishangaa. Kwetu jambo lile lilikuwa lazima ya maisha. Kwake lilikuwa starehe, tena starehe ya gharama.

Nasi tumepita njia iyo hiyo kwa kinyume chake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba makubwa ya ghorofa kama ya Michenzani, na wengi walipata kukaa mahali pema palipokuwa tayari, milango na madirisha yamekwisha tiwa. Bati na matofali ya saruji yakafika mashamba. Tangu miaka ya 1990 hoteli za watalii zimejengwa katika ufuko wa Kiwengwa, na mapaa ya makuti, yaliyoanza kuachwa na wanakijiji, yakawa pambo kwa mgeni. Mafundi wa mjini wachonga milango na makasha kwa ajili ya wageni, na kazi yao ni njema. Sitaki nionekane nalilia umaskini: bati halivuji kama kuti bovu, na mwanamke aliyeacha kupiga makumbi katika maji ya chumvi hana haja ya kuurudia usumba ili kumfurahisha mwanachuoni.

Lakini hasara iko, nayo ni ya maarifa. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado mnamo Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ilianguka. Jengo la mawe, chokaa na boriti lataka jicho la kila siku na mkono ulio karibu. Haliwezi kutunzwa kwa sifa peke yake. Na ikiwa jumba kubwa kama lile laweza kuanguka mbele ya macho ya wote, tusistaajabu maneno kama mfumbati na kitakizo, majina ya mbao za ubavuni na za kichwani mwa kitanda, yakianguka pasipo kusikika kishindo.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Ya kwanza ni kwa watafiti wenzangu. Tunapokusanya msamiati wa ufundi, tusiridhike na kuuliza "Hiki chaitwaje?" Tuombe tupewe upande wa pili wa ubao tuushike, maana fundi hulieleza neno kwa kulitumia. Ya pili ni kwa msomaji yeyote aliye na nyumba na saa moja ya jioni. Useremala wa kujifurahisha si jambo la kigeni, ingawa jina lake limetoka mbali. Ni mlango wa kurudia kazi waliyoifanya babu zetu. Aanze na kigoda.

Ama mlango wa mama yangu, siku ya pili niliung'oa mfaa nikauhamisha. Matundu ya misumari ya kwanza yako hata leo, mzee yule alinikataza kuyaziba, akasema, "Yaache, mwanangu, upate kukumbuka." Nami nimeyaacha, na maana ya mfaa katika daftari langu la kufundishia nimekwisha isahihisha.