Kiwanja Kilekile, Ghorofa Kumi na Sita

Historia ya maghorofa ya Dar es Salaam haianzii kwenye zege, inaanzia kwenye kiwanja. Kariakoo, iliyopata jina kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipimwa na wakoloni kwa ajili ya nyumba za Waswahili: nyumba za chini, vyumba sita, ua nyuma. Viwanja vile havijapanuka. Kilichopanda ni majengo.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Walikufa watu 36. Uongozi wa mkoa ulieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na sote, nami nikiwamo, tukazishikilia ghorofa sita za ziada kana kwamba ndizo kesi nzima. Lakini miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani, karibu na msikiti. Hawakuwa mafundi wala wapangaji. Hatari ya mradi iliwafuata walipokuwa.

Novemba 16, 2024 likaanguka jengo jingine, Kariakoo, wafanyabiashara wakiwa ndani.

Katika mitaa iliyobanana hivyo, achimbaye msingi huchimba pia ubavu wa jirani. Kwa hiyo tathmini ya hatari ningeianzia ng'ambo ya ukuta: msingi wa nyumba ya pili una kina gani, nani hulala humo, watoto hucheza wapi. Na majibu hayo yasainiwe na jirani mwenyewe, kabla mkandarasi hajashusha kokoto.