Hesabu za Wakandarasi wa Umeme Kasulu na Kibondo: Kutoka Kaunta Buku hadi Programu

Mkandarasi wa umeme hununua nyaya, hulipa usafiri na kuwapa vibarua posho ya kila siku kabla mteja hajamaliza kumlipa. Faida yake huonekana kazi inapokamilika na malipo ya mwisho yanapoingia, hivyo kila kazi inahitaji hesabu yake peke yake. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, namna ya kutunza hesabu hizo imebadilika kadiri wateja na sheria zilivyobadilika.

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, mbali na Gridi ya Taifa. Reli ya Kati ilifika mji wa Kigoma mwaka 1914, lakini mji huo uko kando ya ziwa. Kutoka hapo mzigo ulipandishwa milimani kwa lori. Bei ya roli la waya huko Kasulu ilibeba nauli ya safari nzima, na mkandarasi aliyesahau kuiandika alikula hasara bila kujua. Kazi zenyewe zilikuwa chache: nyumba za mjini, maduka, misheni, shule na hospitali.

Chombo cha hesabu kilikuwa kaunta buku. Kila mteja alitengewa kurasa zake. Upande mmoja ziliandikwa fedha zilizopokelewa, kuanzia malipo ya awali. Upande wa pili vifaa vilivyotoka stoo: waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa, wa milimita za mraba 2.5 wa soketi, mabomba, swichi, sakiti breka. Mwishoni vilivyobaki vilirudishwa stoo na kuandikwa. Daftari hilo liliweza kuonyesha faida ya nyumba moja. Udhaifu wake ulijitokeza kazi zilipokuwa tano kwa mpigo, kwa kuwa roli moja la waya liligawanywa sehemu tatu bila mtu kuandika mita ngapi zilikwenda wapi.

Wimbi la wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993, na la Wakongo lililofuata mwaka 1996 wakati kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu, liliyaleta mashirika ya misaada katika wilaya zote mbili. Shirika linalotumia fedha za wafadhili hukaguliwa, kwa hiyo linahitaji ankara, stakabadhi na mchanganuo wa gharama kwa kila kazi. Fundi aliyezoea kupatana kwa mdomo alilazimika kutunza karatasi.

Kompyuta zilichelewa kufika Tanzania nzima. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kushindwa, na marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua. Wakati huohuo programu za hesabu zilikuwa zikizaliwa kwingine: VisiCalc mwaka 1979, Excel mwaka 1985, Tally ya India mwaka 1986 na QuickBooks ya Marekani mwaka 1992. Jedwali la Excel ndilo lililomfaa mkandarasi mdogo, kwa sababu lilifanana na kurasa za daftari lake na lilijumlisha lenyewe.

Msukumo mkubwa ulitoka kwenye sheria na miradi ya umma. Sheria ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ikaja kutoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Kwa miradi yake wateja wa vijijini waliunganishwa kwa shilingi 27,000, na nyumba ndogo zikawekewa kifaa cha UMETA (Umeme Tayari) badala ya kusukiwa nyaya kila chumba. Wakandarasi wakuu waliosimika nguzo na transfoma walikuwa na vijiji vingi vya kufuatilia kwa pamoja. Walihitaji kujua nguzo ngapi zimefika, ngapi zimesimama, na hati gani ya malipo imeidhinishwa.

Kodi nayo ikaongeza safu katika jedwali. Mashine za stakabadhi za EFD zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT. Malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Aidha mikataba mingi huzuia sehemu ya fedha hadi kipindi cha matazamio kiishe. Mkataba ukizuia asilimia 10, kwenye hati ya shilingi milioni 10 shilingi milioni 1 hubaki kwa mteja kwa miezi kadhaa. Asiyeiandika kama deni analodai huisahau, au huitumia kichwani kabla haijamfikia.

Oktoba 2022 Kasulu na Kibondo ziliingizwa kwenye Gridi ya Taifa kupitia kituo cha umeme cha Nyakanazi, na majenereta yakazimwa. Mwaka uliofuata zabuni za umma zilihamishiwa kwenye mfumo wa NeST, ambako mzabuni huomba kazi kwa njia ya mtandao. Mkandarasi wa Kibondo sasa hupanga bei yake kwa kumbukumbu za kazi zilizopita: mita za waya, siku za mafundi, nauli ya lori. Programu ya kisasa huunganisha stoo, vibarua, ankara na ratiba chini ya jina la kazi moja, hata kwa simu. Manufaa yake hutegemea nidhamu ileile ya kaunta buku: kila kinachotoka stoo kiandikwe siku hiyohiyo, kwa jina la kazi iliyokichukua.