Alisahihisha Barua Yetu, Depositi Akakaa Nayo

Wacha niwaambie venye msee ameacha chuo mwaka wa pili alijipata akisoma historia ya sarufi ya Kiingereza saa nane usiku.

Mwaka jana tulihama. Tulikuwa tumekaa kwa hiyo nyumba miaka sita, na mamangu alitaka depositi yake irudi. Akaniambia, "Wewe ndiye umesoma. Muandikie huyo mzee barua, na uandike na Kiingereza ndio ajue hatuchezi." Nikaandika, nikasoma mara tatu, nikamtumia mwenye ploti kwa WhatsApp.

Jibu lilikuja kwa grupu ya ploti, mbele ya wapangaji wote. Ilikuwa picha ya barua yangu ikiwa na duara tatu nyekundu. Chini yake akaandika kwamba mtu akitaka pesa yake ajifunze Kiingereza kwanza. Watu wakamwaga emoji za kucheka. Kuhusu depositi, hakusema neno.

Duara zenyewe zilikuwa hizi. Ya kwanza: "This is the house we lived in." Ati sentensi haiishi na "in". Ya pili: "to fully refund". Ati huwezi kuingiza neno kati ya "to" na kitenzi. Ya tatu: "After living there for six years, you should refund our deposit." Hapo aliandika, "Mimi sijawahi kuishi hapo."

Niliona aibu siku mbili. Siku ya tatu nikakasirika, nikaanza kutafuta: hizi sheria alizitunga nani?

Tuanze na ya kwanza. Mwaka wa 1672, mshairi Mwingereza anaitwa John Dryden alimkosoa mwandishi mwenzake, Ben Jonson, kwa kumaliza sentensi na maneno madogo kama "in" na "from". Jonson hangeweza kujitetea, alikuwa amekufa miaka 35 iliyopita. Dryden alikuwa anapenda Kilatini sana. Alikiri mwenyewe kwamba akishuku sentensi yake ya Kiingereza, alikuwa anaitafsiri kwa Kilatini aone kama inasimama. Sasa, kwa Kilatini hilo neno dogo kwa kawaida hukaa mbele ya jina lake. Kwa Kiingereza, watu walikuwa wameliacha mwisho kwa karne nyingi na hakuna mtu alikosa kuelewa. Kilichonichekesha ni hiki: baadaye Dryden alirudi kwa insha yake mwenyewe ya 1668 na kuzirekebisha sentensi zake, kwa sababu na yeye alikuwa amefanya "kosa" hilo hilo.

Mwaka wa 1762, Robert Lowth, mtu wa kanisa ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, akatoa kitabu cha sarufi. Yeye hakupiga marufuku. Alisema tu kwamba kwa maandishi mazito inapendeza zaidi neno hilo likija mapema. Mwaka wa 1795 akaja Lindley Murray, wakili Mmarekani aliyehamia York, akaandika kitabu cha sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana huko. Alichukua mengi kutoka kwa Lowth. Vitabu vyake vikauzwa kwa mamilioni Uingereza na Marekani. Maoni ya mtu mmoja yakaingia darasani, na yakifika darasani yanaitwa sheria.

Na mbona watu walinunua? Wakati huo Uingereza kulikuwa na wafanyabiashara waliopata pesa mpya. Nyumba wako nayo, nguo wako nazo, lakini wakifungua mdomo mbele ya matajiri wa zamani wanajulikana. Kitabu cha sarufi kilikuwa kinawaonyesha namna ya kupita mlangoni bila kuulizwa maswali. Lakini mlango ukishakuwa na sheria, lazima kuwe na watu wa kuachwa nje.

Duara ya pili ni stori ya juzi zaidi. Mwaka wa 1864 Henry Alford, kasisi mkuu wa kanisa la Canterbury, alidai kwamba kutenganisha "to" na kitenzi ni kitu ambacho Waingereza hawafanyi kabisa. Kumbe walikuwa wanafanya tangu karne ya 14! Hata hivyo, walimu wakaibeba hiyo sheria vizazi na vizazi.

Sasa zilifikaje hadi kwa ploti yetu? Kwa njia ya shule. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwenye kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, kwamba mtoto akipatikana anaongea Gĩkũyũ shuleni alichapwa, au alivishwa kibao shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha. Hiyo ilikuwa enzi ya mkoloni. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya uhuru, na bado nimevaa monto. Kwetu ilikuwa kipande cha mbao na kamba. Ukiongea Kiswahili siku isiyo yake, unavaa, na unamvizia mwenzako akosee ndio umvishe. Hapo tulifunzwa vitu viwili: kuogopa kukosea, na kufurahia mwingine akikosea.

Ndiyo maana kwa grupu hakuna mtu aliuliza, "Na pesa ya mama je?" Sote tumelelewa na monto. Msee akishrub, tunacheka, na alichokuwa anasema kinapotea. Mwenye ploti alijua hivyo.

Lakini wacha niwe mkweli, duara ya tatu alinishika. Hiyo ni makosa, na hakuna askofu wa kulaumiwa. "After living there for six years" haisemi ni nani aliishi, kwa hivyo msomaji anampachika mtu wa kwanza anayefuata, na anayefuata ni "you". Nilikuwa nimeandika kwamba mwenye ploti ndiye alikaa kwetu miaka sita! Hata ukiigeuza Kiswahili, "Baada ya kuishi hapo miaka sita, unafaa kuturudishia pesa," ugonjwa ni ule ule. Dawa yake ni rahisi: "We lived there for six years. You should refund our deposit."

Usidhani ni kitu kidogo. Andika kwa taarifa ya polisi, "While crossing Thika Road, a matatu hit my uncle," halafu wakili wa upande ule mwingine aulize ni nani alikuwa anavuka barabara.

Kwa hivyo siku hizi mtu akinisahihisha, naangalia kitu kimoja: je, kuna mtu angeelewa vibaya? Kama ndiyo, nasema asante na narekebisha. Kama hapana, najua tunaongea kuhusu nani anaruhusiwa kupita mlangoni, na hiyo ni mada nyingine. Kama ni mtihani au barua ya kazi, fuata sheria zao upate unachotaka. Lakini usilale ukidhani wewe ni mjinga.

Barua ya pili mamangu aliandika mwenyewe, mistari minne, kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hivyo hakuna mtu angesema si barua. Aliandika tarehe tuliyoingia, tarehe tuliyotoka, pesa aliyolipa, na siku anayoitaka. Akaiweka kwa ile ile grupu.

Haikurudi na duara. Depositi bado tunangoja, lakini tangu siku hiyo wapangaji wawili wameuliza kwa grupu, na wao kwa Kiswahili, yao iko wapi.