Dola Iliyokosa Mkalimani

Tukitaja dola ya Uthmaniya, wengi wetu tunakumbuka majeshi na misikiti ya Istanbul. Leo hebu tuingie ofisini. Barua ya mfalme wa Ulaya ikifika kwa Sultani, nani aliisoma?

Si makarani wa Kiislamu. Hao walikijua Kituruki, Kiarabu na Kiajemi barabara, lakini lugha za Ulaya wengi hawakuziona kuwa na haja. Tangu mwaka 1661, alipoteuliwa Panagiotis Nikousios, kazi ya Mkalimani Mkuu ilishikwa na Wagiriki wa Istanbul, na baadaye ikabaki kwa familia chache za mtaa wa Fener. Na haikuwa kutafsiri tu. Kwenye suluhu ya Karlowitz mwaka 1699, Alexander Mavrocordatos alikaa mezani kama mjumbe wa Sultani mwenyewe.

Kisha 1821 Wagiriki wakaasi. Mkalimani Mkuu, Constantine Mourouzis, akatuhumiwa na kuuawa. Sasa dola nzima ikageuka bubu! Wengine husema kosa lilikuwa kuwaamini wasio Waislamu. Mimi sikubali, familia hizo zilitumikia dola miaka 160. Kosa ni kwamba muda wote huo juhudi za kufundisha vijana wengine zilikuwa chache mno.

Ikabidi kumtafuta Yahya Naci Efendi, mwalimu wa shule ya uhandisi, Mgiriki aliyesilimu, atafsiri barua na papo hapo asomeshe Kifaransa. Ndiyo ikazaliwa Ofisi ya Tafsiri. Kwa miaka kumi na kitu ilijikokota tu. Mpaka jeshi la Muhammad Ali wa Misri lilipofika Kütahya mwaka 1833, Sultani Mahmud II akalazimika kuomba msaada wa Urusi, adui wake wa jadi. Hapo mazungumzo na mabalozi yakawa ya kufa na kupona, na ofisi ikapanuliwa.

Mwaka huo huo akaingia kijana wa miaka 18, mtoto wa mtu wa kawaida wa sokoni, aitwaye Mehmed Emin Ali. Mwaka 1837 akafuata Fuad, aliyesomea udaktari. Wote wawili walikuja kuwa Mawaziri Wakuu, na mwaka 1856 ni Ali Pasha aliyekwenda Paris kutia saini mkataba wa kumaliza vita vya Crimea.