Swichi ya feni ya rejeta: Kinga ya injini katika miinuko ya Mbooni

MADEREVA wanaopanda kutoka Tawa kuelekea Kikima, katika milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni, wanaifahamu fika adha ya mshale wa joto kupanda gari likiwa limesheheni mzigo.

Gari linapokwenda kasi katika tambarare, upepo wenyewe huipoza rejeta. Mlimani mwendo hupungua, injini hutaabika, na kazi yote ya kupoza huiangukia feni ya umeme.

Feni hiyo huwashwa na kihisio cha joto, aghalabu maji yanapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kihisio kikiharibika, feni hailii na silinda hedi huweza kupinda au gasketi yake kuungua, hasara inayoweza kumnyima mwenye gari riziki kwa majuma kadhaa.

Ndiyo maana baadhi ya mafundi hufunga swichi ya mkono, ili dereva aweze kuwasha feni mwenyewe.

Kosa kubwa ni kuupitisha umeme wote wa feni katika swichi ndogo ya dashibodi. Feni moja huweza kuvuta ampea 10 hadi 20, na zaidi inapoanza kuzunguka. Swichi isiyohimili kiasi hicho huyeyuka, na waya huweza kuwasha moto.

Dawa yake ni rilei ya ampea 30 au 40, ambayo huubeba umeme mwingi huku swichi ikibeba mdogo tu. Rilei ya kawaida ina miguu iliyoandikwa 30, 87, 85 na 86.

Kwanza, waya wa hasi wa betri hutolewa. Mguu wa 30 huunganishwa na chanya ya betri kwa waya mnene, kupitia fyuzi iliyofungwa karibu na betri. Mguu wa 87 huenda kwenye chanya ya feni.

Mguu wa 86 hupokea umeme kutoka kwenye swichi, na swichi hulishwa kupitia fyuzi ndogo na waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa tu, ili feni isimalize betri gari likiwa limeegeshwa. Mguu wa 85 hufungwa kwenye bodi ya gari.

Kihisio cha awali kisikatwe, kwani swichi ni msaidizi wake tu. Hata hivyo, fundi hana budi kuthibitisha kwanza jinsi feni inavyodhibitiwa. Katika baadhi ya magari kihisio hukata upande wa hasi, na hapo uunganishaji hubadilika. Magari ambayo kompyuta hudhibiti kasi ya feni yasiguswe kwa njia hii.

Swichi haiponyi rejeta iliyoziba, pampu mbovu wala maji yanayovuja. Mfuniko wa rejeta nao una umuhimu wake: katika mwinuko wa mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, lakini shinikizo la mfuniko mzima hukipandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120.

Feni ikiwa inazunguka na mshale ungali unapanda, dereva aegeshe kando na kuzima injini. Mfuniko usifunguliwe kukiwa na joto, wala maji baridi yasimiminwe kwenye injini inayochemka, kwani chuma huweza kupasuka.