Mwandishi Mbele ya Wasomaji Wake: Kampala, 1962

Siku hizi mwandishi akitoa kitabu kipya, huenda akaalikwa ukumbini azungumze na wasomaji, ajibu maswali yao, kisha aketi mezani atie sahihi katika kila nakala iliyonunuliwa. Wako walimu wenzetu waionao desturi hiyo kuwa ni ya kigeni. Twakubaliana nao kwa sehemu ndogo tu. Ni kweli kwamba mwaka 1858 Charles Dickens alipanda jukwaani mjini London akaanza kusoma vitabu vyake kwa kiingilio, na watu wakafurika. Lakini karibu na wakati huohuo, mwaka 1275 wa Hijra, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi ambao nao ulikusudiwa kusikika. Watunzi wa tendi walizoea kutaja mwishoni majina yao, au tarehe, au idadi ya beti. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yao, wala haikuhitaji meza, maana kila aliyeunakili utendi aliinakili na sahihi pamoja.

Linalotusumbua sisi ni jingine: ni mwandishi yupi aitwaye mbele ya watu, na kwa lugha ipi? Juu ya swali hili mji wetu wa Kampala una kisa chake.

Mwezi wa Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, waandishi wengi walikutana katika chuo cha Makerere. Kutoka Nigeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo. Walikuwapo Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi, wana wa Afrika Kusini, na Langston Hughes wa Marekani. Grace Ogot wa Kenya aliwasomea wajumbe hadithi yake. Kijana mmoja, James Ngugi, mwanafunzi wa chuo hichohicho, alimwomba Achebe ausome mswada wake. Nao ndio riwaya ya Weep Not, Child iliyochapwa mwaka 1964. Mkutano uliozaa matunda kama hayo hatuwezi kuubeza. (Mfadhili wake mkubwa alikuwa Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo miaka michache baadaye ilifichuka kuwa lilipokea fedha za majasusi wa Marekani, CIA. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Walakini mlango ulikuwa na kipimo. Jina lenyewe la mkutano liliwataja waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache za Kiingereza aliingia; naye Shaaban Robert, aliyekwisha kutoa Kusadikika tangu mwaka 1951, pamoja na mashairi na insha zisizo haba, hakuwa na kiti. Kinachotuchoma zaidi ni kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere mwaka 1952, na Shaaban alipata kuwa mjumbe wake. Lugha yake ilikuwa na ofisi juu ya kilima kilekile! Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban akafariki dunia, naye alikuwa na umri wa miaka 53 tu.

Sisi tufundishao Kusadikika tungelipa kiingilio chochote kumsikia akieleza kwa nini alimfanya Karama ajitetee kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Nafasi hiyo haipo tena. Kwa hiyo twasisitiza kwamba tawi lolote la chama chetu likusanyapo nauli ya kumwita mwandishi, limtafute kwanza mtunzi wa Kiswahili aliye karibu, hata kama kitabu chake ni chembamba na jina lake halijavuma. Sahihi yake itakauka upesi kama ya mwingine yeyote.

Yule James Ngugi, aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o, hakukisahau kipimo kile. Katika Decolonising the Mind (1986) aliutaja mkutano wa Makerere na kukumbusha kwamba Shaaban Robert hangeweza kualikwa. Mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Ilichapwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikatoka mwaka 1982. Ngũgĩ alieleza jinsi kitabu hicho kilivyosomwa kwa sauti majumbani, ndani ya mabasi, na viwandani saa ya chakula cha mchana. Mwandishi hakuwapo, ukumbi haukukodiwa. Katika mabaa msomaji alinunuliwa kinywaji ili aendelee. Bilauri ikiisha, alikiweka kitabu mezani palepale hadithi iliponoga, hata wasikilizaji wamwagizie nyingine.